Mashindano ya Gofu Yaliyoishia Mkononi mwa Lerionka

Mpira ulipaa juu ya kiinuko, ukagonga mawe upande wa pili.

Ko!

Wote walisikia. Walipofika, hakuna mpira.

Mchezaji wa kulipwa, aliyeletwa kwa meli kutoka Ulaya, alipiga magoti akatafuta mpaka suruali yake nyeupe ikawa rangi ya zizi. Patupu.

Msicheke kwanza.

Hapo ni Kimandolu, enzi za Mjerumani, vita bado kidogo. Mlowezi mmoja waliyemwita Bwana Kiko, maana kiko hakikumtoka mdomoni hata akifoka, aligeuza malisho ya watu kuwa uwanja wa gofu. Kila mwaka wachezaji wa kulipwa wakaja kugombea kombe lake la fedha. Leo uliza Arusha nzima, hakuna anayelijua. Mimi nimesimuliwa na bibi yangu, mjukuu wa mwanamke aliyeitwa Namelok.

Nyuma ya kile kiinuko palikuwa na rundo la mawe. Chini yake amelala Lerionka, marehemu mume wa Namelok. Na kwa Waarusha, ukipita kwa mzee wa heshima aliyelala, unamwongezea jiwe. Ndiyo salamu.

Sasa Namelok anachunga ndama zake, anaona kijiwe cheupe kinashuka toka juu, kinatua kwa mumewe!

"Wazungu wamepata adabu," alimwambia mwanawe Saning'o, aliyekuwa akibeba fimbo za Bwana Kiko. "Wanamsalimu baba yako kwa mawe ya kwao."

"Yeyo, mama yangu, ule ni mchezo."

"Nyamaza wewe! Lini baba yako alisalimiwa na watu wenye viatu?"

Saning'o akamwachia furaha yake. Mama alikuwa hajacheka tangu afiwe.

Basi kila salamu ikitua, Namelok anaifunika upesi kwa jiwe lake, isije ikabingirika. Aliyelala akishapewa, hapokonywi.

Rundo likakua. Wachezaji wakaanza kunong'ona kwamba kilima kinakula. Mwaka ule wawili wakafunga mizigo kabla ya kucheza.

Siku ile mpira wa yule wa suruali nyeupe ulipopotea, Bwana Kiko akaona kombe lake linakufa.

"Bomoeni! Mifupa mtupe korongoni!"

Nyapara Yoeli, Mmeru wa misheni, alitafsiri huku akiangalia chini. Kabla hajamaliza, Namelok alikuwa amelala kifudifudi juu ya mawe.

"Yeyo," Saning'o alimbembeleza, "warudishie mipira yao. Labda watamwacha baba."

Mama wa watu akaanza kutoa jiwe moja moja, akimwomba mumewe radhi. Mipira ikatoka, myeupe kama mayai.

Bwana Kiko alicheka mpaka kiko kikamponyoka, kikatumbukia kwenye mawe.

"Kumbe mzimu wenyewe ni ajuza!"

"Wangu haumo," akasema yule wa suruali chafu. "Nilioupiga leo. Una alama nyekundu."

"Nimetoa yote," akasema Namelok. "Wa leo sikuuona. Nilikuwa mtoni."

"Mwongo! Inueni na lile la chini!"

Lile lilikuwa jiwe la mazishi lenyewe. Mizizi ya nyasi ilikuwa imelishona ardhini, halijaguswa tangu siku ile. Wanaume walihangaika nalo kwa mtaimbo, wakitweta.

Likainuka.

Mkono wa Lerionka ulikuwa umekunjwa kifuani, mifupa mitupu, vidole vimefumbata.

Ndani ya vidole, kitu cheupe. Alama nyekundu. Bado kina unyevu wa umande wa asubuhi.

Yoeli alianza sala, akaisahau katikati.

Namelok peke yake ndiye aliyetabasamu.

"Saning'o, si nilikwambia? Anapokea."

Jiwe lilishushwa polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mgonjwa. Mipira yote ikarudishwa chini ya mawe. Mashindano hayakuchezwa tena, na Bwana Kiko hakuthubutu kukiinamia kiko chake.

Namelok akakifunika na chenyewe.

Nami niliyefinywa na dunia nawaambia: ukirusha kitu kwa watu, uliza kwanza nani analala pale. Na kikishapokelewa, jamani, usikidai.