Dawa ya Magoti ya Bibi Zuwena

Majuzi nilikuwa nimekaa katika duka la dawa la Madinat Sultan Qaboos nikingojea dawa za presha za mama yangu. Muuzaji akafungua chupa ya dawa ya kikohozi amwoneshe bwana mmoja namna ya kupima kijiko, na harufu yake ikanifikia pale nilipokaa: karafuu, nanaa, na sukari iliyoungua kidogo. Nikajikuta nimebana midomo. Mtu mzima mimi, mwenye watoto wangu, nimebana midomo kama mtoto anayenyweshwa kwa nguvu.

Harufu ile nilikutana nayo mara ya mwanzo katika miaka ya tisini, nyumbani kwetu Darsait. Tulikaa ghorofa ya tatu, na chini yetu palikuwa na gereji ya kubadilisha mipira ya gari, kwa hiyo nyumba yetu siku zote ilinuka mpira wa moto na udi wa Bibi, viwili hivyo vikishindana. Bibi Zuwena alikuwa mama yake baba. Alizaliwa Unguja, akaja Muscat akiwa mtu mzima mwenye watoto, na magoti yake yalikuwa yameshamshinda kabla mimi sijaanza skuli. Jengo halikuwa na lifti. Ngazi zile zilimfanya mfungwa. Aliswali juu ya kiti, na akitaka khabari za mtaa alikaa dirishani akawasikiliza mafundi wa gereji wakigombana kwa lugha asizozifahamu, kisha akatueleza walichogombania.

Hospitali walimpa vidonge na nasaha. "Daktari amenambia nipunguze mwili," alimwambia Mama siku moja aliporudi. "Mwili wenyewe ndio huu tu nilionao. Nikishaupunguza, mimi nnabaki na nini?"

Bwana Mahfudh aliletwa kwetu na Bi Aziza, jirani wa mlango wa pili. Alikuwa mwanamme wa makamo, dishdasha lake limepigwa pasi likanyooka kama karatasi, na Kiswahili chake kilikuwa cha bara, kwa kuwa wazee wake waliishi Tabora kabla ya kurudi Oman. Alimwamkia Bibi shikamoo kwa adabu, akanywa kahawa, akala tende, akauliza hali za watu wote hata wale asiowajua. Halafu akafungua sanduku lake na kutoa chupa ya rangi ya hudhurungi.

Karatasi ya chupa ile naiona mpaka leo. Katikati palikuwa na picha ya Mzungu mwenye ndevu nyingi na koti la kizamani, kifuani amejaa medali. Pembeni mwake maandishi, upande mmoja Kiarabu, upande mmoja Kiswahili, yakitaja maradhi ambayo dawa hiyo yaponya: baridi yabisi, kiungulia, homa za vipindi, kikohozi kikavu, udhaifu wa moyo, kukosa usingizi, na huzuni isiyo na sababu. Nilisoma yote kwa sauti, kwa sababu wakati ule nilikuwa nasoma kila kitu kwa sauti.

"Dawa moja inajuaje kama iende gotini au iende kwenye kikohozi?" nikauliza.

Baba akanikata jicho. Mama akainamia kikombe chake. Bwana Mahfudh hakukasirika hata kidogo.

"Mtoto wenu ana akili," alisema. "Dawa hii, mwanangu, inasafisha damu. Damu ikishakuwa safi, inafika yenyewe panapouma."

Kisha akatusimulia. Mwenye ndevu yule alikuwa mkemia mkubwa, aliyefungua duka Unguja zaidi ya miaka mia iliyopita, enzi za masultani wa kale. Watu wa jumba la kifalme walikuwa wakimpelekea mtumwa wao na chupa tupu kila wiki. Alipotaka kurudi kwao, siri ya dawa alimwachia msaidizi wake mmoja tu, na msaidizi huyo alikuwa babu mzaa babu wa Bwana Mahfudh. Bibi alisikiliza hadithi yote mikono yake juu ya magoti. Bwana Mahfudh alipomaliza, Bibi akamwambia anipe mimi chupa niipeleke chumbani.

Masharti yalikuwa mawili. Asiiache hata siku moja, na asiwatajie madaktari wa hospitali, maana hao hawapendi dawa za zamani.

"Dawa njema inamwogopea nini daktari?" Mama aliuliza mgeni alipokwisha kuondoka.

Nisiwafiche: dawa ilifanya kazi. Haukupita muda nikarudi kutoka skuli nikakuta kile kiti cha kuswalia kimehamia jikoni, na Bibi amekipanda anatafuta kawa ya kufunikia chakula kabatini. Magoti yalinyamaza. Alishuka ngazi peke yake. Alikwenda soko la Mutrah kwa miguu na kurudi na vitu tusivyovihitaji, ili mradi amevichukua mwenyewe. Kwenye harusi ya binamu yangu aliingia uwanjani na wanawake wenzake wakacheza mpaka Baba akaona haya. Alikula kama kijana. Alikuwa akiamka na kuimba, na mimi, niliyemjua Bibi wa dirishani tu, nikagundua kwamba alikuwa mchekeshaji. Bi Aziza akatembea mlango hadi mlango akimtolea mfano, na mabibi wa Darsait wakaanza kununua.

Mama peke yake hakufurahi. Alikuwa mwalimu, na alikuwa na tabia ya kukagua. Aliinua chupa kwenye mwanga, akatia tone kwenye karatasi nyeupe likauka, akalinusa. Mimi nilimfuata nyuma nikinusa kila alichonusa. Chini ya chupa, kama ikikaa bila kutikiswa, palikuwa na unga mweupe.

"Mizizi gani hii inaacha chokaa?" alimuuliza Bwana Mahfudh alipokuja tena.

"Hiyo ndiyo nguvu yenyewe, dada. Ndiyo maana tunasema tikisa kwanza."

Baadaye Bibi akaanza kubadilika uso. Mashavu yalimjaa, yakawa ya duara na mekundu. Wageni wakasema amenawiri, mashaallah. Lakini mimi nilikuwa nikimchana nywele kila Ijumaa, nikaona vitu ambavyo wageni hawakuviona. Nyuma ya shingo pameota kinyama. Mikononi, bangili zikimgusa tu, panavilia damu pakawa buluu. Na siku moja, jua la asubuhi limempiga ubavuni, nikaona shavu lake limeota vinywele laini, vingi, mpaka kidevuni.

Najua mtacheka. Lakini nilikuwa na umri wa miaka tisa na nilikuwa na hakika kabisa kwamba Bibi yangu anageuka kuwa yule Mzungu wa kwenye chupa. Nilianza kulala mlango wazi. Kila nilipopita chumbani kwake niligeuza chupa, picha ikatazama ukuta, na kila niliporudi nilikuta imegeuzwa tena.

Nyumba ikaingia shaka kama inavyoingia unyevunyevu. Mama alimshuku Bwana Mahfudh, Bibi akamshuku Mama. "Mkaza mwana wangu anataka nirudi kitini," nilimsikia akimwambia Bi Aziza kwenye simu, bila kupunguza sauti. Akahamishia chupa kwenye kasha lake la nguo na ufunguo akaufunga kwenye pembe ya kanga. Baba alikaa kimya katikati, na ukimya wake kila mmoja aliuhesabu kuwa ni wa upande wa pili.

Asubuhi moja Bibi aliondoka kwenda Mutrah, akasahau kanga ile kitandani. Mama aliukuta ufunguo. Alizitoa chupa zote, akazifungua moja moja, akazimwaga kwenye sinki la jikoni huku maji yanakwenda. Karafuu, nanaa, sukari iliyoungua. Harufu ilijaa nyumba nzima hata mpira wa gereji haukusikika. Hakuficha. Alizipanga chupa tupu dirishani, akakaa kumngoja mavyaa wake.

Bibi alizitazama chupa, akamtazama Mama, akaingia chumbani akafunga mlango. Jioni akampigia simu Bwana Mahfudh. Akaambiwa amesafiri, yuko Dubai, haijulikani atarudi lini. Bi Aziza, naye akiinywa, alisema iliyobaki inamtosha yeye tu.

Mwanzoni Bibi alilalamika uchovu. Halafu akakataa chakula. Akawa anatapika, akisimama anaona kizunguzungu, ngozi yake imelowa jasho baridi, na maneno yake yakaanza kupishana: mara ananiita kwa jina la dadaake aliyekufa, mara anauliza kwa nini mlango wa uani uko wazi, nasi hatukuwa na uani. Baba alisimama mlangoni, akamgeukia Mama.

"Umemfanya nini mama yangu?"

Ijumaa, baada ya swala, Bibi alijaribu kwenda msalani akaanguka ukumbini. Baba na fundi mmoja wa gereji walimbeba ngazi zote tatu mpaka garini, nami nikakaa nyuma kichwa chake kikiwa mapajani mwangu.

Hospitali walituuliza anatumia dawa gani. Baba akasema hakuna, ni joto tu na uzee. Naona alikuwa anaona aibu, mtu wa wizara kama yeye, mama yake ananunua dawa za sandukuni. Hapo Mama akafungua mkoba wake akatoa moja ya zile chupa tupu, akaiweka mbele ya daktari.

"Amekunywa hii tangu kabla ya Ramadhani," alisema. "Nimeimwaga mimi, bila ruhusa yake. Tangu hapo ndivyo alivyo."

Daktari alikuwa mwanamke mdogo tu wa umri. Aliitazama ile chokaa chini ya chupa, akamtazama Bibi mashavu, mikono, na nyuma ya shingo, kisha akaanza kutoa amri kwa haraka. Baadaye alikuja kutueleza. Haikuwa mizizi. Ndani ya sharubati ile palisagwa vidonge vya hospitali, dawa kali ya kutuliza uvimbe na maumivu, ambayo mgonjwa hupewa kwa kipimo na kwa muda. Mtu akiinywa kwa miezi, mwili unasahau kujitengenezea yake. Ukimkatia ghafla, mwili unabaki mikono mitupu. Kilichomwokoa Bibi kilikuwa dawa ile ile, wamemrudishia kwa sindano, na ataachishwa kidogo kidogo.

Mama alikaa chini, palepale kwenye sakafu ya korido, na abaya lake jeusi.

"Sikukosea," alisema, "na kidogo nimuue."

Baba akakaa chini pembeni yake. Sijapata kuwaona wamekaa hivyo tena.

Bibi alipona, kwa maana ya kwamba hakufa. Mashavu yalipungua, vinywele vikapukutika, na magoti yakarudi kuuma kama zamani. Mama alizunguka Darsait akiwaonya mabibi wasiiache dawa kwa ghafla bali waende hospitali. Wengine walimshukuru, mmoja akamfungia mlango usoni. Bwana Mahfudh hakuonekana tena, na namba yake ikawa haipatikani.

Kuna kitu kingine kilichoanza baada ya hapo. Mama alikuwa akirudi kazini alasiri, na kabla ya kuvua abaya anamshika Bibi mkono, wanashuka ngazi. Walishuka polepole mno, wakipumzika kila pembe. Chini walikaa kwenye viti vya plastiki mbele ya gereji, wakanywa chai, wakatazama watu. Kupanda kulichukua muda mrefu kuliko matembezi yenyewe. Aliendelea hivyo mwaka baada ya mwaka, mpaka tulipohamia Ghubra, nyumba ya chini isiyo na ngazi. Miaka yote hiyo mimi niliamini ni fidia, kwamba Mama analipa kosa la kumwaga.

Nilikuwa chuoni nilipomuuliza Bibi, huko Ghubra, kama bado ana hasira na yule mtu aliyemdanganya.

"Nani alinidanganya?" Bibi akasema. "Mimi nilijua tokea siku ile ile."

Akanambia kwamba bibi yake yeye, huko Unguja, alikuwa na chupa kama zile, za kweli, zilizokuja kwa meli kutoka Bombay na Ulaya na kuuzwa na wakemia. Nazo zilikuwa na wenye ndevu na medali, nazo ziliponya kila kitu. Mtoto wa mwisho wa bibi huyo alikuwa hapati usingizi kwa kuota meno. Akampa tone la dawa ya kutuliza watoto, iliyosifiwa mji mzima. Mtoto akalala, na hakuamka. Kila msichana wa ukoo wao alisimuliwa kisa hicho ili asije akaamini chupa inayotibu maradhi yote.

"Basi kwa nini ulikunywa, Bibi?"

"Nilikunywa kijiko cha kwanza kwa adabu, mgeni asione vibaya. Asubuhi yake nikasujudu, kipaji changu cha uso kikagusa chini. Ilikuwa imepita miaka. Unafikiri ningeuliza mna nini ndani?"

"Na Mama anajua?"

"Nilimwambia palepale hospitali, nilipofumbua macho. Nikamwambia, usijilaumu, mwanangu, nilikuwa najua nnakunywa kitu kibaya. Nilikuwa nimechoka kukaa dirishani."