Ndege Nyeusi ya Ukutani

Ilianza Jumamosi, saa kumi na mbili kasoro robo jioni, bibi alipoinua uso akaniuliza mimi mjukuu wake, "Mke mwenzangu, ndege huyu kaingilia wapi?"

Alikuwa amefika Nzuguni mchana kutoka Gulwe, kwa ajili ya macho. Jumatatu alikuwa afanyiwe upasuaji wa mtoto wa jicho, la kulia kwanza, na daktari alishamwambia mama kwamba jicho lile likikosa zamu hii, huenda lisingoje nyingine. Bibi tulimlaza chumbani kwangu. Ukutani, mbele ya kitanda chake, kulikuwa na mchoro wangu.

Niliuchora kwa mkaa kwenye boksi la friji nililolikunjua, upana wake mikono yangu miwili nikiinyoosha. Ni ndege ya upelelezi ya Wamarekani, ya zamani, nyeusi yote, nyembamba kama kitu kilichonolewa. Sijui nieleze vipi ninavyoipenda. Shuleni hata nikiulizwa jina naangalia viatu, lakini ndege hiyo naijua. Ikiwa chini ilikuwa inavuja mafuta, kwa sababu mabati yake yaliachiwa nafasi; ikishika kasi huko juu inapata moto, inatanuka, inaziba. Wakiirushia kombora, rubani anaongeza mwendo tu. Ilistaafishwa kabla sijazaliwa, zilizobaki ziko makumbusho, watoto wanapiga nazo picha, na mpaka leo naambiwa hakuna ya aina yake iliyoifikia kwa mbio.

Kwa hiyo nilijibu haraka tu, "Ni ndege, bibi. Ni ya upelelezi."

"Katumwa na nani?"

Bibi Kiswahili alijifunza ukubwani, gulioni na stesheni. Nyumbani ni Kigogo. Kwake ndege ni ndege, iwe ya chuma, awe wa manyoya. Na kwa macho yale alichokiona ni weusi, mabawa yametandazwa, kitu kimetulia kinamtazama. Nilitaka kucheka, nikaona hatanii. Basi nikajitia kumwelewesha. Nikamwambia inapaa juu kabisa, inaona mpaka njia za ng'ombe, yenyewe haionekani. Na ikija huisikii. Mlio unafuata nyuma, yenyewe imeshakwenda.

Hata mate hayajakauka, ukaja mlio. Mmoja, mzito, kama lori limemwaga mawe nyuma ya nyumba. Bati likatetemeka. Kikombe kikagonga sahani. Nilitoka mbio nje nikakuta anga tupu, hata wingu hakuna. Kuku wa jirani walikuwa wamesimama wote, shingo juu, hawatembei.

Jirani alisema ni baruti za wapasua mawe. Mwanawe akasema ni tetemeko, Dodoma tumezoea. Mama, ambaye alikuwa jikoni, alisema hajasikia kitu. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Jikoni na chumbani kwangu ni ukuta mmoja.

Niliporudi ndani, bibi alikuwa anapapasa kanga zake na kuzitia kwenye mfuko.

"Ameshapita," alisema taratibu. "Anatafuta jicho. Kesho narudi Gulwe."

Mama alimbembeleza wee. Alimkumbusha zamu ya hospitali, akamwambia ni boksi tu, akamshika mkono akaupitisha juu ya mchoro. Bibi akatoa vidole vyeusi tititi, akavisogeza karibu na jicho, akasema basi, ameshaanza kupukutisha manyoya. Mama akachoka. Akaniambia nilichane lile boksi tulale.

"Usimwue," bibi akaniambia. "Ukimwua, aliyemtuma atatuma mwingine. Ndege anaagwa. Na anaagwa kwa mdomo, na aliyemleta."

Aliyemleta ni mimi. Usiku ule niliipa ndege yangu mgongo kwa mara ya kwanza, na sikuona aibu. Niliogopa.

Asubuhi ya Jumapili nililibandua boksi, nikalibeba kichwani hadi kwenye korongo, nyuma ya nyumba za mwisho. Upepo ulikuwa unaling'ang'ania. Wanawake wawili wa kwenda kanisani walinipita, nikasubiri wapotee. Kisha nikasema, kwa sauti kubwa mpaka nikajishtukia, "Nenda. Jicho la bibi yangu si lako. Nenda kabisa."

Nikaachia. Sikutegemea lipae. Liliinuka, likalala ubavu, likavuka korongo na kwenda mbali kuliko boksi linavyopaswa kwenda. Sikukaa kuangalia litakapoangukia.

Nyumbani bibi alitaka kujua nimesema nini hasa. Nikamrudia neno kwa neno. Akasema, "Kumbe una mdomo," akanisukumia ule mfuko. Nilizitoa kanga zote mbili, nikazifua, nikazianika juani zikauke kabla ya kwenda hospitali kesho yake.