Waliokwepa Upande Mmoja

Mwaka ule pamba iliponawiri, Anatoli Mageni alinunua baiskeli, akajifunzia kwenye mbuga tambarare za Kishapu, mahali ambapo hata kigoda kingejiendesha. Kona hakuzijua, na breki alizijua kwa jina tu. Hilo halikumzuia, kwa sababu alikuwa na mke mpya na wakwe wa kuwakoga. Jumapili moja baada ya misa alivaa suruali nyeupe, akamuaga mkewe Coletha, akashika njia ya ukweni, ng'ambo ya Mhunze, kumwonyesha baba mkwe chombo.

Sasa, kila aliyelelewa pale anajua kwamba mwanamume hakutani na mama mkwe wake ovyo. Akimwona mbele huacha njia, huingia kichakani na kugeuza uso mpaka mama apite. Mama naye hufanya vivyo hivyo. Ndiyo heshima, na Anatoli alikuwa kijana wa heshima hasa. Shida ni kwamba walioiweka heshima hiyo walikuwa watu wa kutembea kwa miguu.

Aliposhuka mteremko wa mwisho, katikati ya nyua mbili za minyaa, alimwona Mama Coletha anapanda na mtungi wa maji kichwani. Mama akamwona mkwewe. Wote wawili wakakumbuka adabu papo hapo. Mama akachepuka kwenye pengo la minyaa lililokuwa kando ya njia, na Anatoli, ambaye hakuona mahali pengine pa kumpishia, akakata usukani kuelekea pengo lile lile.

Majirani walipofika, mtungi ulikuwa vigae, suruali nyeupe imechanika pasipotakiwa, na Anatoli amelala juu ya mama mkwe wake mchana kweupe. Hakungoja kuinuliwa. Aliiacha baiskeli inazungusha gurudumu, akatimua mbio kwa miguu hadi kwake.

Mila ilikuwa na dawa yake. Mbuzi alipelekwa, wazee wakala, na baba mkwe akasema neno hilo limekwisha. Lakini jirani yao mmoja, Ngassa, alikuwa mtunzi wa nyimbo za ngoma, mtu ambaye ukijikwaa mbele yake asubuhi, jioni unaimbiwa ulivyojikwaa. Baada ya mavuno, makundi mawili ya ngoma yaliposhindana uwanjani kama kawaida, kila moja likiwavutia watazamaji upande wake, Ngassa aliinua wimbo:

*Mkwe wetu kaja kusalimia,*
*kaja na magurudumu mawili;*
*mlango hakuuona,*
*kapita juu ya mama.*

Watu wakalihama kundi la pili, wakamjazia Ngassa uwanja, wakicheka mpaka wanashikana mabega. Anatoli alikuwa nyuma yao. Wiki haikuisha kabla hajamwambia Coletha kwamba anakwenda Geita kutafuta kazi mgodini.

"Kazi gani hiyo isiyoweza kungoja tupure mtama?" Coletha akauliza.

Anatoli akaendelea kufunga mzigo.

Huko Geita aliomba kazi ya shimoni, kwa kuwa shimoni kila uso una vumbi na hakuna anayemtambua mwenziwe. Walipotaka kumfanya mnyapara alikataa, maana mnyapara husimama mbele ya watu. Kanisani alikaa mlangoni. Coletha alimfuata, wakapata Generosa na wadogo zake, na kila mavuno mume alikuwa na udhuru mpya wa kutokwenda kwao: mara mgongo, mara mvua, mara zamu. Mgodi ulipofungwa, wenzake walirudi makwao. Yeye, mkulima wa pamba hodari, akabaki kupanda mihogo ya watu. Na mtu akipiga mluzi wa wimbo ule kilabuni, kwa kuwa wimbo nao ulikuwa umefika Geita, Anatoli alimaliza pombe yake haraka akaondoka. Mwanamume mzima anatoroka mluzi! Inaudhi hata kusimulia, lakini aibu ndivyo ilivyo: haikupigi, inakupangia tu pa kukaa, nawe unakaa.

Kisha baba mkwe akafariki. Anatoli alifika mpaka kituo cha basi, nguo nyeusi mkononi, akawaza uso wa kila mtu atakayekuwa msibani, akampandisha Coletha peke yake. Mkwe hakumzika mkwe. Coletha aliporudi, kichwa kimenyolewa, hakumgombeza, na hilo lilimuuma Anatoli kuliko kugombezwa.

Mavuno yalipokaribia tena, Coletha alifunga virago.

"Baba Generosa, mama amebaki peke yake. Mimi na watoto tunakwenda kukaa naye. Huku haturudi."

"Na mimi je?"

"Wewe ni mume wangu. Lakini nimechoka kuolewa na mtu aliyebaki kichakani."

Anatoli alipanda basi pamoja nao.

Walipofika, hakuitambua nchi. Watu walikuwa wamehamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, nyumba zimepangwa mistari, na ile njia ya minyaa ilikuwa imelimwa pamba. Aliitafuta, hakuiona. Kitu alichokikimbia miaka yote kilikuwa hakipo.

Wimbo tu ndio uliokuwepo. Siku ya mashindano alisimama nyuma kabisa, karibu na barabara, pale alipozoea kusimama. Ngassa alikuwa amezeeka, sauti inakwama, na watazamaji walikuwa wanahamia kwa wapinzani wake. Mzee akaona heri atumie silaha yake kuu. Akainua, *Mkwe wetu kaja kusalimia*, na watoto wote wakadakia, na miongoni mwao Generosa, ameshika kiuno, anaimba kwa raha zote.

"Baba, unaujua huu?" akamwita.

Barabara ilikuwa pale nyuma yake. Coletha alikuwa anamtazama, na Anatoli alijua kwamba akiondoka safari hii, anaondoka peke yake.

"Naujua," akasema. "Ni wa kwangu."

Akapenya katikati ya watu mpaka ndani ya duara. Ngassa akamtambua, akanyamaza ghafla. Ngoma hazikunyamaza. Anatoli akaimba:

*Haikuniangusha baiskeli,*
*iliniangusha heshima;*
*nilimpisha mama, mama akanipisha,*
*pengo lilikuwa moja.*

Watu wakaangua kicheko, lakini safari hii alikuwa anacheka nao. Kabla hakijaisha, sauti ya kizee ikapaa kutoka upande wa akina mama. Anatoli akageuza uso haraka, akatazama chini. Mama mkwe hakuruhusiwa kumsemesha, ila hakuna mila iliyomkataza kuimba:

*Pengo nililiona mimi kwanza,*
*mtungi wangu ndio uliompiga;*
*nikasema mkwe ana hasira nami,*
*hakuja hata kumzika mume wangu.*

Anatoli alisimama pale, machozi yanamtiririka mbele ya wilaya nzima, wala hakuyafuta. Kumbe mama naye alikuwa amelala kwenye minyaa miaka yote hiyo. Akamjibu kwa ubeti wa kuomba radhi kwa kutomzika baba mkwe, mama akamrudishia wa kusamehe, na wapinzani wakajikuta wanawapigia ngoma mbwa na kuku. Ngassa akamkabidhi Anatoli usinga wake wa kuongozea wachezaji. Jua likazama yeye bado anaimba.

Asubuhi alikwenda kaburini kwa baba mkwe, akapalilia, akakaa kitambo. Akirudi, juu ya baiskeli ya kuazima, alimwona Mama Coletha mbele, mtungi kichwani. Akafunga breki vizuri, akashuka, akageuza uso, akangoja asikie mama anachepukia upande gani.

Hakusikia kitu. Mama naye alikuwa amesimama, amegeuza uso, anangoja yeye aanze.