Nani Anaibebea Nyasi?

Ipo siku moja ambayo hata niwe mbali kiasi gani na kwetu Kibingo hainitoki kichwani: siku binamu yangu Tumwine alipomwomba bibi yetu amruhusu auze ng'ombe wake. Tulikuwa vijana, na nyumba yetu haikuwa na umeme. Tumwine alikuwa ameunganisha mota mbili za redio kaseti. Ya kwanza iipe umeme ya pili, ya pili iizungushe ya kwanza, na taa iwake daima. Ukiizungusha kwa mkono iliwaka. Ukiiachia, ilizunguka kidogo ikazima.

"Tatizo ni dogo, bibi. Nikiuza ng'ombe nikanunua mota kubwa, haitazima."

Mwanangu, usicheke. Nimehamahama sana tangu hapo, sijaona mikono kama ile.

Bibi akasema, akimtania kama bibi amtaniavyo mjukuu, "Ng'ombe wangu akageuke waya, mume wangu? Migomba itakula nini?"

"Si kibanja chetu cha migomba kinajilisha chenyewe? Ng'ombe anakula maganda ya ndizi, migomba inakula samadi. Mashine yangu ni vivyo hivyo."

"Haya. Kama kinajilisha, msiende tena rweya. Kikiendelea hivyo, ng'ombe ni wako."

Tulifurahi mno! Rweya ni ile mbuga ya wazi nje ya mashamba, na kila kijana wa kwetu anaujua uzito wa mzigo wa nyasi kichwani kutoka huko, za kulisha ng'ombe na kutandaza migombani. Tukalala hadi jua kali. Lakini maganda yaliisha, maziwa yakapungua, na ng'ombe akalia hadi majirani wakauliza kama tumefiwa. Mchana mmoja Tumwine alichukua mundu akaenda rweya. Aliporudi alitua mzigo mbele ya ng'ombe, akaenda kuizungusha mashine yake kwa nguvu, kisha akaishika.

"Ina moto," akaniambia. "Nguvu yangu inapotelea hapa, kwenye joto na kelele. Na hii hakuna anayeibebea nyasi."

Bibi alicheka hadi akakaa chini. "Mume wangu, sasa umeiva!"

Ng'ombe akabaki. Lakini mwenda bure si mkaa bure. Tumwine alifunga makopo kwenye rimu ya baiskeli, akaiweka kijitoni, maji yakaizungusha pamoja na dainamo. Taa ilipowaka, bibi alipiga vigelegele kama vya harusi. Hakuna aliyekuwa amemfundisha Tumwine kuunda kitu kile.

Siku hizi vijana wa Kayanga na Rubwera hunionyesha kwenye simu mashine zinazojizungusha. "Mjomba, umeme wa bure!" Naipenda hamu yao, maana ndiyo ile ya Tumwine.

Basi sikia, mwanangu. Unda, fungua, haribu, unda tena. Lakini kila kinachozunguka kinakula, na katika kila mzunguko kitu humwagika njiani, kama maji ya ndoo kichwani. Ukikiongezea ukubwa, unakiongezea njaa. Hata kijito chetu hulishwa na mvua, na mvua huinuliwa na jua. Ukionyeshwa mashine isiyokula, tafuta betri iliyofichwa. Hata usipoiona, mshike ng'ombe wako kamba, usimuuze.

Mungu aipe mikono yako kazi isiyoichosha, na rweya yako isikaukiwe nyasi.