Mikono Magotini

Wanangu wakiniuliza miaka ile nilifanya kazi gani, huwajibu "kazi za ofisi," kisha naomba nipitishiwe chumvi. Ukweli ni kwamba niliandika maelekezo ambayo kompyuta iliyatii badala ya mkono wa mtu.

Ilikuwa ofisi ya bohari ya migodi, pale Kolwezi, Katanga. Shefu, mkuu wetu wa kazi, aliletewa programu mpya ya kuhesabu vipuri vya malori na pampu. Vipuri vyenyewe havikuwepo. Pampu za mgodi wa Mashamba zilikuwa zimezimika moja baada ya nyingine, maji yakapanda shimoni, na rafu zetu zilibaki na vibandiko tu. Maji yalikuwa yamezidi unga, lakini programu ilikuwa imeagizwa, basi ilibidi iingie katika kompyuta zote. Kuisakinisha kulikuwa na masanduku kumi na manne ya maswali kwa Kifaransa, yakijitokeza kwenye skrini moja baada ya jingine. Aliyejua kuyajibu bila kuharibu alikuwa mtu mmoja, mzee wa meza iliyo mbele yangu, mwenye asili ya Kasai. Mimi asili yangu ni Katanga ya kaskazini. Kabla ya mwaka ule nisingeandika sentensi mbili hizo zikifuatana.

Watu wa Kasai walikuwa wanafukuzwa Katanga, eti warudi mkoa wa wazazi wao. Vijana walipita mtaa kwa mtaa, na familia zililala stesheni juu ya magodoro yao zikingoja treni isiyo na saa. Jirani yangu mmoja alinikabidhi ufunguo wake, sijui wa nini, maana mlango ulikuwa umeshang'olewa. Mzee wetu alibaki kwa sababu shefu aliwaambia vijana kwamba bila yeye kazi haiendi. Sote tulijua hivyo.

Kisha shefu akanipa kazi: nitengeneze disketi ambayo ukiitia, mashine ijibonyeze yenyewe. Nikamwambia mzee, kwa kuwa sikujua pa kuanzia.

"Mudogo," akasema, "ukiisha kumaliza ile disketi, shefu hatakuwa tena na lazima na mi."

"Tata, nifanye nini? Ni shefu njo ametuma." Tata ni baba; ndivyo tulivyomwita.

Alinisogezea kiti karibu na kibodi yake. "Basi uifanye muzuri."

Akanifundisha. Wiki mbili nilikaa nyuma ya bega lake nikiandika kila mahali mkono wake ulipokwenda: kishale cha kipanya kiende hapa, bonyeza mara moja, ruka nafasi mbili, kubali. Kilichonishinda ni kungoja. Skripti, yaani yale maelekezo niliyokuwa naandika, haina macho. Hupeleka vibonyezo kwenye dirisha lolote lililo mbele, na dirisha likichelewa kufunguka, herufi zinaangukia kwingine. Kwenye sanduku la tisa mashine ilikuwa nzito, na hapo mzee alikuwa na desturi ya kukunja mikono na kuhesabu polepole kwa lugha ya wazazi wake. Nilipima kwa saa yangu, nikaandika: ngoja sekunde kumi na mbili.

Alituwekea sharti moja. Skripti ikitembea, mtu asiguse kitu, kwani ukisukuma kipanya hata kidogo, kishale kinapotea njia na kazi yote inaharibika. "Mikono ku magoti, bote," alisema. Ofisi nzima, hata shefu, tukaweka mikono magotini kama watoto wa katekisimu. Mwanzoni tulicheka.

Jaribio la mwisho lilikuwa asubuhi, saa nne. Mzee alitia disketi mwenyewe, akasimama pembeni. Kishale kikaanza kutembea peke yake. Shefu alitazama mpaka sanduku la tano, akatoka. Nilimsikia akiongea na watu barazani kwa sauti ya kawaida. Kwenye la nane wakaingia vijana watatu kutoka huko barazani. Mmoja nilimfahamu, alikuwa akiimba kwaya parokiani kwetu.

"Tata, twende. Treni iko inangoja."

"Munipe nafasi nikamate koti."

"Koti utapata kule kwenu."

"Kwetu ni hapa," akasema mzee. "Mi nilizaliwa hapa Kolwezi."

Alitutazama mmoja mmoja, watu watano tulioketi. Skripti ilikuwa imefika sanduku la tisa, inangoja. Ningenyanyua mkono nikasukuma kipanya, jaribio lingevurugika mbele ya kila mtu, na shefu angelazimika kusema bado anamhitaji. Niliwaza hayo pale pale, si baadaye. Mikono yangu ilikuwa magotini. Sikusikia woga wala huruma. Nilisikia joto la suruali kwenye viganja, basi.

Wakampitisha mlangoni. Sanduku la tisa likajibiwa ndiyo, la kumi ndiyo, mpaka la kumi na nne. Shefu akarudi, akasema imetoka vizuri.

Disketi ile nilizunguka nayo ofisi baada ya ofisi. Kila mara, kwenye sanduku la tisa, mtu aliuliza mbona imesimama, nami nilijibu kwamba inangoja. Zilipokuja mashine zenye kasi wakaniambia nizifute zile sekunde. Sikuzifuta, na sababu sikuwapa.

Koti lake lilikaa kwenye kiti hadi miezi ya baridi. Halafu asubuhi moja nililivaa mimi. Lilinienea vizuri.