Siku Niliyolitukana Jembe Darsait

Jamani, nyie mnanicheka kwamba kila tukipeleka posa mie nakuwa bubu, nanywa kahawa na kutingisha kichwa, na wengine mnasema najitia uzee. Basi leo ntakwambieni kisa chake, maana wengi waliokuwapo siku ile wamekwisha tangulia, na aibu yenyewe nimeibeba peke yangu muda wa kutosha.

Nilikuwa kijana, nimetoka Unguja baada ya mapinduzi na begi moja, nauza vitambaa kwenye duka la watu Mutrah, hapa Maskati, na kila mteja akikisikia Kiarabu changu lazima aniulize wewe Mwarabu wa wapi (na akijua natoka Zanzibar anacheka, utadhani nimemtania). Sasa siku hiyo akaingia mama mmoja na binti yake, wakaanza kunong'onezana kwa Kiswahili kwamba huyu muuzaji anatuibia bei, wakidhani siwafahamu, na mie badala ya kukasirika nikahisi nataka kulia kwa furaha. Binti jina lake Rukia. Walikuwa Wasomali waliokaa Unguja miaka mingi, na baba yake, Mzee Aden, alikuwa akiangalia shamba la tajiri mmoja Darsait (Darsait ile ya visima na mitende, si hii ya maghorofa). Wakarudi tena na tena kununua nguo ambazo nadhani hawakuzihitaji, na mie nikajua nimekwisha.

Ami yangu Nassor ndiye mzee pekee niliyekuwa naye huku. Kwa kawaida muoaji haendi kwenye posa yake, lakini sisi watu wetu walikuwa wametawanyika, ami hana wa kufuatana naye, akasema haya twende sote.

"Ila maneno niachie mie," akaniambia. "Kazi yako wewe ni kunywa kahawa. Umesikia?"

Nikasikia. Ningelishika neno lile moja, leo wajukuu zangu wangekuwa wa Rukia.

Lakini mie nikataka kupendeza. Nikamwendea Farah, Msomali wa kaskazini aliyekuwa akileta mbuzi kuuza, nikamuuliza Wasomali wanapenda nini. (Hapa ndipo nilipoharibu, hapa hapa: nimeuliza habari za watu chungu nzima kwa mtu mmoja.) Farah akanambia Msomali ni ngamia na nasaba, akanifundisha shairi fupi la kuwasifu wenye ngamia, na mwisho wake likawakejeli wakulima, kwamba watu wa jembe hawana babu, wana tope tu. Akaniapia kwamba Msomali yeyote akilisikia atacheka mpaka machozi yamtoke. Nikalikariri wiki nzima, dukani, njiani, hata chooni. Na wala sikujiuliza, Mzee Aden si analima? Nikajisemea masikini, dunia imemgeuza tu, moyoni huyu bado mtu wa ngamia.

Basi siku yenyewe nikanunua na maziwa ya ngamia kwa mabedui asubuhi na mapema, nikayatia kwenye dumu, nikalifunga kwa nguvu zangu zote, nikalibeba juani mpaka Darsait. Tukapita kisimani, ng'ombe anavuta maji, matuta ya figili yamenyooka vizuri, na jembe limelazwa mlangoni limeoshwa likasafishwa. Niliruka juu ya mpini wake kuingia ndani!

Mzee Aden akatupokea kwa heshima kubwa. Rukia na mama yake walikuwa nyuma ya pazia, na majirani wawili watatu wamekaa nasi mkekani. Ami akasema maneno yake, mazuri wallahi, mambo yakawa yanakwenda, mzee anatabasamu, akauliza swali moja tu.

"Huyu kijana akioa atakaa wapi?"

Ami akafungua mdomo kujibu, na mie nikaona huu ndio wakati wangu. Nikalitoa shairi lote kwa Kisomali cha Farah, na mkono nimeunyanyua juu.

Hakuna aliyecheka. Nikadhani hawakunisikia, basi nikalirudia kwa sauti zaidi (ndiyo, nililirudia). Ami akanifinya paja. Nyuma ya pazia mama akauliza, kama asiyeamini masikio yake, "Anasemaje mtoto wa watu?" na mie, kwa adabu zangu zote, nikamfasiria neno kwa neno kwa Kiswahili kilichonyooka, mpaka lile tope. Kisha nikasikia sauti ya Rukia, polepole, haikukusudiwa tuisikie. "Mama, anatusema sisi."

Hapo hapo mfuniko wa dumu ukaruka, maziwa yaliyochachuka kwa jua yakaruka nyuma yake, yakamwagikia kanzu mpya ya ami na nusu ya mkeka. Hata hapo hawakucheka. Mzee Aden akachukua kitambaa, akamfuta ami kwanza, kisha akakaa.

"Mwanangu," akanambia, "hiyo uliyoikariri si lugha yetu. Sisi ni watu wa mtoni, kule kusini, tunalima, na Kisomali chetu ni Kimaay, huyo aliyekufundisha akikisikia hafahamu hata nusu. Lakini sisi chake tunakifahamu, kwa sababu ndicho tunachotukanwa nacho."

Akakikunja kile kitambaa, akakiweka pembeni, akaendelea.

"Na kweli umesema. Babu yangu mie hakuwa na babu pale mtoni. Alikuwa Muoromo wa Borana, ng'ombe wao wamekufa kwa ukame, akaja kwetu na mkewe na njaa yake. Wazee hawakumuuliza wewe nani wa nani. Walimuuliza, utalima? Akasema ntalima. Wakampa kipande cha ardhi, wakampa na jina la ukoo, na mimi nikazaliwa ndani ya jina hilo. Nilipoambiwa kuna kijana wa Unguja, hana kwao, na hapa watu wanamcheka, nilimkumbuka babu."

Akainuka, tukainuka. Mlangoni akalishika lile jembe, akatuonyesha kwalo sehemu karibu na kisima iliyofyekwa, mawe yametolewa, ardhi imesawazishwa.

"Pale nilikuwa nimeshapasafisha, mjenge chumba," akasema. "Nimesafisha wiki nzima."

Wiki nzima! Wiki ile ile niliyokuwa nalikariri tusi lake chooni.

Ami akatangulia mbele yangu mpaka Mutrah, ananuka maziwa, na kila tuliyepishana naye akageuka kututazama. Rukia akaolewa mwaka uliofuata na mtu wa Barawa, na mama yake akawa ananunua nguo duka la pili, anapita mbele yangu ananiamkia vizuri tu, na hilo ndilo lililokuwa likiniumiza khasa.

Kwa hiyo mkinichukua kwenye posa za watoto wenu, msinifinye niseme kitu. Nilikwenda kwa watu walio tayari kunipa kwao, nikawatukana kabla hawajanipa. Nimiminieni kahawa yangu, ninywe.