Mshipi wa Ratili Kumi na Mbili

Zamani mtu akitaja mshipi, kila sikio lilisikia maji. Siku hizi linasikia suruali.

Mzee Chapa aliijua hasara hiyo kuliko wengi, kwa sababu maneno yalikuwa kazi yake. Jina lenyewe alilipata kwenye kiwanda cha kupiga chapa, alikopanga herufi za risasi mojamoja miaka yake yote ya nguvu, akisoma kinyumenyume yale ambayo wengine wangeyasoma wima kesho yake. Shule hakuimaliza, alichokijua alikiokota kwenye kurasa za watu. Kisha zikaja mashine zisizohitaji vidole, herufi zikamwagwa uani kama changarawe, naye akaambiwa ahsante. Aliondoka na debe moja la herufi hizo, na hakuna aliyejali, maana hakuna aliyejua zilikuwa nini.

Ndizo alizozitia tumboni mwa samaki wake. Mzee Chapa hakuvulia mnyoo. Mnyoo, alisema, ni kumpa samaki sadaka. Yeye alitaka kumdanganya kiungwana. Alichonga vijisamaki vya mti, akavitoboa tumbo, akachomeka herufi ili vizame kwa uzito aliotaka, akaziba kwa gundi na kupaka rangi. M, kwa unene wake, ilikipeleka kijisamaki chini mbio. I ilikiacha kikiyumba juujuu kama mlevi anayeijua njia ya kwao. Alivitupa bwawani nje ya mji, akavivuta kwa mitetemo midogo, mpaka samaki mkubwa aamini kuwa amemwona samaki mgonjwa.

Mwenzake wa bwawani alikuwa binti yake wa pekee, aliyemwita Dagaa kwa udogo wake. Dagaa alijua kupima fimbo ya kuvulia kabla hajajua kusuka nywele: unaegemeza ncha kwenye dari la duka, unakandamiza taratibu, unaangalia inapindia wapi. Ikipinda ncha tu, ni ya chambo chepesi. Ikipinda mpaka kiunoni, itakuvumilia kwa samaki mzito. Muuza duka wa siku zile alikushikia ncha mwenyewe. Wa siku hizi anakuuliza unapenda rangi gani.

Dagaa akaolewa mji mwingine na kijana muuza bima. Mzee hakuwa na ugomvi na mkwewe, ila hakuwa na la kuzungumza naye pia. Mtu asiyevua utamwuliza habari za wapi?

Mwaka huo mshipi wake, uzi wa kuvulia, ulikuwa umezeeka, ukikatika hata kwa samaki wa kiganja, naye alitaka unaohimili mvuto wa ratili kumi na mbili. Akampigia binti yake simu.

"Dagaa, nitafutie mshipi huko kwenu. Ratili kumi na mbili, imara, wa rangi isiyoonekana majini."

"Sawa, Baba." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Ila mambo magumu siku hizi. Tuvumiliane kidogo."

Kifurushi kikaja kwa mkono wa dereva wa basi. Kilikuwa kizito kuliko alivyotazamia. Mzee Chapa akakifungua mezani, mkewe akichungulia begani. Ndani mlikuwa na mkanda wa ngozi wa rangi ya tope, mnene kama ulimi wa ng'ombe, na bizimu ya shaba ambayo ungeweza kufungia lango.

"Hee! Mwanangu ana macho," mkewe akasema. "Suruali zako zinakuanguka kila ukiinama, mpaka majirani wamezoea."

"Huu ni mkanda."

"Nimeona ni mkanda, sikusema ni nyoka."

"Niliomba mshipi."

"Na huo si mshipi?"

"Mwanamke, Dagaa hawezi kulikosea neno hilo. Alijifunza kutembea akishikilia mshipi wangu! Huu ni ujumbe. Mambo magumu, Baba, jifunge mkanda. Usiniombe tena."

"We mzee, unameza maneno bila kuyatafuna. Yatakukwama. Mpigie umwulize."

"Zawadi iulizwe? Nijidhalilishe mara mbili?"

Tangu siku hiyo hakupokea simu ya binti yake, akakataza hata jina lake lisitajwe mezani. Fimbo akazitundika ukutani. Mara mojamoja alimsikia mkewe jikoni, mlango umefungwa, akinong'ona kwenye simu: "Pole mwanangu. Usisimame sana." Akadhani ni habari za kazi. Usiku alilala ameutazama ule mkanda kwenye msumari, na kadiri alivyoutazama ndivyo ulivyozidi kusema. Mtu hatumi kitu kizito namna ile, aliwaza, kama hana neno zito.

Kinyozi wa jirani alikuwa amezimezea mate fimbo zile tangu zamani.

"Mzee Chapa, kama huvui, nipe mimi. Fimbo ya ukutani ni ya kuanikia soksi."

"Njoo Jumamosi uchukue zote."

"Usije ukanigeuka."

"Mimi si mtu wa siku hizi."

Jumamosi Mzee Chapa akazipangusa, akakitia mafuta kigurudumu cha kukunjia mshipi, akavipanga vijisamaki mezani kimoja kimoja. Alikizungusha kigurudumu mara moja tu, kikaimba, akakiweka haraka kama kimemchoma. Kinyozi alifika akitabasamu, mkononi ana mshipi mpya kwenye kibiringo chake, tayari kwa fimbo zake mpya. Alikuwa hajaketi lango lilipolia.

Alikuwa Dagaa. Amekonda, na kifuani amembeba mtoto mchanga aliyelala. Nyuma yake mumewe, mabegi mikono miwili.

Mama mtu akapiga kigelegele mpaka mtoto akaamka. Mzee Chapa akabaki amesimama kama nguzo.

"Nani... huyu ni wa nani?"

"Wa binti yako," mkewe akasema. "Miezi yote hiyo daktari alimlaza kitandani, hata ngazi asishuke. Ulikataza jina lake lisitajwe mezani. Nikakutii."

Mkwe ndiye aliyetangulia kusema. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, macho sakafuni, kama wakwe wachache waliobaki wanaojua kukaa.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba."

"Baba, naomba unisamehe. Ule mshipi najua haukufika uzito."

"Uzito gani?"

"Mwenzangu alikuwa amelazwa, akaniambia Baba anataka mshipi wa ratili kumi na mbili. Nimezunguka mji mzima. Duka la kwanza walinicheka. La pili wakaniuliza, huyo mzee ni mtu au ni tembo? Nikawaomba wanipimie kwenye mizani mmoja mmoja. Mzito kuliko yote ndio huo, na haukufika hata ratili mbili. Tangu hapo naona aibu hata kukupigia simu."

"Na rangi?" Mzee Chapa akauliza polepole.

"Isiyoonekana majini. Niliuchovya kwenye chemchemi ya mbele ya benki nihakikishe. Askari akanifukuza."

Dagaa akamgeukia mumewe, mdomo wazi. "Wewe! Ulimpelekea Baba mkanda?"

"Uliniambia mshipi!"

"Mshipi wa kuvulia!"

"Hukusema wa kuvulia! Mshipi ni mshipi!"

Mzee Chapa alitaka kukaa, akagundua amekwisha kukaa. Kitu kilichomkaba kifuani tangu siku ya kifurushi kikalegea chenyewe, kama breki ya kigurudumu unapoifungua. Kikaanza kicheko, kwanza puani, halafu tumboni, mpaka akashika meza na vijisamaki vikarukaruka. Machozi yalimtoka, na hayakuwa yote ya kicheko.

"Kwa hiyo," alisema akijifuta, "hukuniambia nijifunge mkanda?"

"Nikuambie mimi, Baba? Nilidhani umenikasirikia kwa kuwa niliuchelewesha mshipi wako. Kila nikipiga simu hupokei. Nililia humo kitandani mpaka wauguzi wakachoka."

Mzee akanyoosha mikono apewe mtoto. Hakusema samahani, watu wa rika lake hawakufundishwa neno hilo. Lakini alimshika mjukuu kwa jinsi alivyokuwa akishika herufi ndogo kuliko zote, zile ambazo ukizipumulia zinaruka.

Kinyozi akakohoa. "Mimi nachukua sasa au baadaye?"

"Uchukue nini?"

"Fimbo."

"Fimbo gani?"

"Mzee Chapa! Ahadi ni deni."

"Basi nidai."

Kinyozi akamtazama, akamtazama na mtoto, akacheka na kukiweka kibiringo chake mezani. "Haya, na hiki kiwe cha mjukuu. Ila sikilizeni, huu ni wa kuvulia. Msije mkauvaa."

Asubuhi mkwe akaomba aende bwawani. Mzee alimchagulia fimbo laini, isiyomwadhibu mgeni kwa makosa yake, na kijisamaki chenye I tumboni. Dagaa alikaa nyuma kwenye mkeka na mtoto, akitoa amri kama nahodha. Kijana alinasa nyasi, akanasa tawi, akalinasa shati la mkwewe. Halafu fimbo ikapinda hasa.

"Usimvute!" Mzee akapiga kelele. "Mpe mshipi! Mpe mshipi!"

Kijana, kwa woga, mkono mmoja ukamwenda kiunoni.

Samaki alikwenda zake. Dagaa alilala chali kwa kucheka, na Mzee Chapa, ambaye zamani angemfukuza mtu bwawani kwa kosa dogo kuliko hilo, akamfungia kijisamaki kingine mwenyewe, cha M safari hii. Simu za Dagaa tangu siku hiyo alizipokea kabla hazijalia mara ya pili.

Kabla mtoto hajaanza kutambaa, kijana alihamishiwa kazi nchi ya mbali, wakaja kuaga. Mzee alimpa ile fimbo laini na nyingine ngumu ya Dagaa, pamoja na kopo la vijisamaki. Fimbo zikawa ndefu kuliko gari, na kamba haikupatikana. Dereva akaanza kulalamika. Basi Mzee Chapa akafungua bizimu ya shaba, akauchomoa kiunoni ule mkanda wa kifurushi, akazikaza zile fimbo juu ya paa la gari mpaka zikatulia.

"Baba, na suruali?" mkwe akauliza.

"Ninayo mikono."

Hiyo ndiyo mara ya mwisho kuwaona. Dagaa ametoa kichwa dirishani, mtoto anapungishwa mkono asijue ni kwa nini, kijana amegeuka nyuma kuangalia kama fimbo hazijalegea. Mzee Chapa alisimama katikati ya njia, mkono mmoja akipunga, wa pili ameshikilia suruali, mpaka bizimu ikametameta mara moja kwenye kona, na gari likapotea.